Mama wa Kwenye Kamera

Jambo lenyewe lilianza kwa sifa, na sifa haimtishi mtu, ndiyo maana Keeley alichelewa kushtuka.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Maureen Duckworth, mkuu wa zamu, alitoka chumba cha kamera na kikombe chake cha chai, akaegemea mlango wa jikoni.

"Keeley, mpenzi, leo umenifurahisha," alisema. "Mtoto hata hajafungua kinywa vizuri, wewe ushambeba. Na wimbo ule! Sikujua kama una sauti."

Keeley alikuwa anapaka siagi kwenye tosti. Akasema, "Ahsante."

Sasa, Keeley Entwistle hakuwa na wimbo hata mmoja kichwani. Alilelewa kwenye nyumba za watu, mwaka huu kwa hawa, mwaka ujao kwa wale, na katika nyumba zote hizo hakupata mtu wa kumwimbia. Isitoshe, mchana ule Rowan alipolia yeye alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kama mlevi. Aliamka akamkuta mtoto ameshiba, amekauka, nepi mpya. Akajiambia labda alifanya mwenyewe huku usingizi umemlemea, kisha akasahau. Mtu mwenye usingizi mzito hujidanganya kwa mengi.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, jengo kubwa la mawe yaliyojaa masizi ya moshi wa viwanda ambavyo vimekufa siku nyingi, katika mji mmoja wa Lancashire wenye mvua isiyo na adabu. Waliokaa humo waliletwa na mahakama. Unakaa na mwanao, unatazamwa: unavyomlisha, unavyomwogesha, unavyomjibu mwenzio ukikasirika. Kamera zilikuwa kila pembe, ya chumbani ikilenga kitanda cha mtoto, bafuni tu ndiko ulikoachiwa heshima yako. Wafanyakazi hawaruhusiwi kukubebea mtoto hata mkono ukikufa ganzi. Kazi yao kutazama na kuandika, labda mtoto awe hatarini. Mwisho hakimu anasomewa yote, naye anaamua: mtoto aondoke na mama yake, au apewe watu wengine na jina la ukoo libadilishwe.

Keeley alikuwa na miaka kumi na tisa, Rowan miezi minne. Mtoto alishachukuliwa mara moja kwa kukonda, maana mama yake akilala hasikii. Hii ilikuwa nafasi ya mwisho, na aliambiwa hivyo bila kuzungushwa. Ukisifiwa katika nyumba kama ile husemi "si mimi." Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na sidhani humo ndani kuna mama ambaye asingelifanya.

Aliyeudhika ni Bernadette, waliyemwita Bernie, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mdomo wa kumenyea viazi. Watoto wake wawili walichukuliwa zamani. Safari hii alikuwa na kichanga chake, Pearl, na wivu ambao hakujisumbua kuuficha.

"Umesikia, Pearl?" alimwambia mtoto. "Shangazi Keeley anaimba. Kesho ataoka keki, keshokutwa ataota mabawa."

"Niache, Bernie."

"Nimekuacha, shoga. Nani mimi nimguse malaika?"

Sifa zikaongezeka. Maureen akasifu chupa zinavyochemshwa. Akasifu mtoto anavyogeuzwa begani na kupigwapigwa mgongo mpaka acheue. Kila Ijumaa walikuwa na kikao katika chumba kidogo cha chini, mama anakaa kwenye kiti, anaambiwa uso kwa uso lipi alilofanya vizuri na lipi bado. Keeley alitoka huko mabega juu. Bernie alitoka amekunja uso, kwa sababu Maureen, bila kujua anamwaga petroli, alimwambia, "Mtazame Keeley. Mwige yeye."

Lakini Keeley mwenyewe usingizi ulianza kumwacha. Alikuta nguo za Rowan zimekunjwa pembe kwa pembe, zimekazwa kwa wanga mpaka zikisimamishwa zinasimama, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu mwenye wanga wala mwenye haja nao. Chumba chake kikaanza kunuka sabuni ya mche, ile ya kizamani inayochubua mikono, na chini ya sabuni, maziwa yaliyochacha. Akafungua dirisha, harufu ikabaki. Akapiga deki, ikabaki. Na Rowan alinenepa. Mashavu yalimjaa, mapaja yakaota mikunjo, na mama yake akimbeba, mtoto alikuwa anageuza shingo, anamtafuta mwingine.

Mchana mmoja Keeley akaamua kujilaza na asilale.

Alijifunika blanketi mpaka puani, akayaacha macho wazi kama uzi tu. Nje mvua ilikuwa inapiga kioo. Rowan alinung'unika kidogo, kisha akaanza ule mguno wa kuelekea kulia. Keeley akatega masikio asikie mlango ukifunguliwa, na mlango haukufunguliwa, kilichokuja kwanza ni harufu, ikapanda kama maji kwenye beseni, sabuni na wanga na maziwa, halafu baridi ikamgusa kisigino nje ya blanketi, halafu ubao wa sakafu ukalia upande wa dirisha, ambako hapakuwa na mtu, ukalia tena karibu zaidi, na pindo la gauni la kijivu, zito, linalochuruzika maji, likapita usawa wa macho yake likielekea kwenye kitanda cha mtoto, na mikono miwili ikashuka juu ya Rowan, mikono myekundu iliyopasukapasuka kama ya mtu aliyefua maisha yake yote, ikamwinua kwa ustadi ambao Keeley hakuwa nao wala hakufundishwa na mtu, na ile sauti ikaanza kuimba, ndogo, ya puani, wimbo usio na maneno, na Rowan, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumchekea mama yake hata mara moja, akacheka.

Woga ulikuwa umemfunga kamba miguu na mikono. Kilichomkatia kamba ni kile kicheko. Aliona wivu.

"Mweke chini," alinong'ona. "Wangu huyo."

Kile kitu hakikugeuka. Kiliendelea kumbembeleza mtoto, kisha kikajibu, polepole, kwa sauti ya binti mdogo:

"Ulikuwa umelala."

Keeley akaruka kutoka kitandani. Rowan alikuwa peke yake kwenye kitanda chake, anatabasamu, na sakafu ilikuwa imelowa.

Amwambie nani? Akisema chumba kina jini, wataandika kwamba mama ana wazimu, na mtoto huyo anakwenda. Akisema anayeonekana kwenye kamera si yeye, sifa zote zinafutika, kinachobaki ni msichana anayelala mwanawe akilia, na mtoto huyo anakwenda. Alikalia kitanda akalipima jambo huku na huku, akaona njia zote zinaishia mlango mmoja.

Basi akafanya lililobaki: akaamua kumshinda. Hakulala tena mchana. Rowan akikunja tu uso, yeye yuko juu yake. Alijifunza kupima maji ya chupa kwa kiwiko. Alijilazimisha kuimba, na kwa kuwa hakuwa na wimbo, akaimba matangazo ya redio ya sabuni na bima. Alikuwa na macho mekundu, nywele hazijachanwa wiki nzima, na anagombea mtoto na kiumbe asiyechoka. Nawaambia, alikuwa mama mzuri kuliko wengi waliofundishwa kwa upole. Na siku moja, katikati ya tangazo la bima ya gari, Rowan akamtazama usoni, akatulia, akacheka. Naye alimchekea Keeley, si mwingine.

Ndani ya ukuta kitu kikagonga. Mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyepiga kichwa.

Tangu hapo nyumba ikabadilika. Maziwa ya Rowan yaliganda ndani ya chupa iliyotoka kuchemshwa. Nguo za Keeley zikakutwa kabatini zimelowa chapa, zimesokotwa kama za kukamuliwa. Akichana nywele, kuna aliyezishika upande wa pili. Naye akavumilia, maana siku ya hakimu ilikuwa inakaribia.

Alhamisi jioni, kiza cha majira ya baridi kimeshaingia kabla watu hawajala, Keeley na Bernie walikuwa jikoni. Rowan amelala juu, kiredio cha kumsikilizia kipo mezani kati ya viazi na soseji. Pearl yuko kwenye kiti chake, anatafuna kijiko.

"Unaunguza," alisema Bernie.

"Naona."

"Mama wa mfano, soseji zinamshinda."

Kiredio kikalia. Kilikuwa kilio cha maumivu, kikali, cha ghafla. Keeley alitupa kisu, na kabla hajaufikia mlango, Maureen akaingia anahema, Rowan mikononi. Maureen kumbeba mtoto wa mtu! Hapo tu Keeley alijua kuna balaa.

"Umemfinya," Maureen alisema. Uso wake ulikuwa mweupe. "Nimekuona kwa macho yangu, kwenye kamera. Umemwinamia, ukamfinya paja, ukazungusha. Nimepanda mbio, hupo. Umeshukia ngazi za nyuma, siyo? Tazama hapa."

Paja la Rowan lilikuwa na alama mbili nyekundu zilizopinda, za kucha.

"Si mimi," alisema Keeley.

"Usinidanganye. Wiki zote hizi mimi ndiye niliyekutetea."

"Maureen, si mimi, naapa, nilikuwa hapa."

"Kamera haina sababu ya kukusingizia."

Wiki zote hizo kamera ilimsema vizuri na yeye alisema ahsante. Aligeuka akamtazama Bernie. Bernie alikuwa ameshika uma, soseji imening'inia. Angenyamaza tu, kesho angekuwa yeye wa kusifiwa. Na akifungua mdomo kutetea habari za mtu aliye pahala pawili, wangeanza kumtazama na yeye, na Pearl wake.

Naona watu wanapenda kusema alifungua mdomo kwa wema. Wapi! Bernie alikuwa amelishwa jina la Keeley asubuhi na jioni mpaka limemtoka puani, na sasa kapata nafasi ya kulitapika.

"Alikuwa hapa," alisema. "Anaunguza soseji mbele yangu. Hakutoka. Na nikwambie lingine, Maureen, maana limenichosha: yule unayemsifu kila siku si huyu pia! Huyu akilala mchana hata ungembomolea ukuta. Nimepita mlangoni kwake mimi, nimemwona amelala anatoa mate, na wimbo unasikika. Wiki nzima unaniambia mwige Keeley, mwige Keeley. Nimwige nini, kukoroma?"

"Bernie," Maureen alisema kwa sauti ya chini.

"Una kamera jikoni, huna? Katazame."

Maureen akaenda. Waliokuwa jikoni walimsikia anarudisha picha nyuma, kimya, anarudisha tena. Aliporudi alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa zamu. Kwenye skrini moja Keeley alikuwa anamenya viazi. Kwenye nyingine, wakati uleule, Keeley aliinama juu ya kitanda cha mtoto, kisha akainua uso kuitazama kamera, na ule uso ulikuwa wa Keeley isipokuwa macho yalikaa wazi tu, hayapepesi, na maji yanadondoka kidevuni.

Asubuhi ofisi kuu ilileta fundi. Wenzetu wale, ukiwaonyesha jini, wanaita fundi. Alifungua, akafunga, akanywa chai, akasema mitambo ni mizima.

Maureen akamwita Keeley. "Niambie ulichoona," alisema. "Kalamu hiyo hapo, siishiki."

Keeley akamwambia yote, kwa kunong'ona, pamoja na ile ahsante ya kwanza.

Maureen aliisukuma kalamu pembeni. "Zamani hapa walikuwa wanaleta wasichana waliopata mimba bila ndoa," alisema. "Shangazi yangu alijifungulia humu. Wanakaa, wananyonyesha, wanafua nguo za hoteli. Siku ya mtoto kuondoka hawaambiwi. Unatumwa kufua, ukirudi kitanda kitupu. Shangazi alitoka, akazeeka, akawa mkali kama siki mpaka anakufa. Lakini alisema kuna mmoja alikataa kutoka. Alikuwa anazunguka kila kitanda anauliza, wameamua nini? Wameamua nini? Homa ikamchukua humuhumu, na hakuna aliyemjibu."

Wao wanasema ni maiti yake inayotembea. Mimi sisemi hivyo. Aliyekufa ana kazi zake huko aliko. Kinachobaki ni kile kilichokaa pembeni ya uchungu wake, kikaulamba, kikanogewa, kikachukua na sura yake.

"Utaita kasisi?" Keeley aliuliza.

"Kasisi atamfukuza, na kufukuzwa ameshazoea," alisema Maureen. "Leo si Ijumaa? Ana kikao."

Mchana ule chumba kidogo cha chini kilipangwa viti. Kimoja cha Maureen, kimoja cha Keeley na Rowan wake, cha tatu kitupu, mbele yake kikombe cha chai ya maziwa. Kiredio cha mtoto kilikuwa mezani. Bernie aliambiwa akae juu.

"Siendi kokote," alisema Bernie, akasimama mlangoni na Pearl kiunoni. "Wiki zote hizo nimefananishwa naye. Nataka nimwone."

Maureen akasafisha koo, akaanza kwa sauti ileile ya kila Ijumaa.

"Karibu. Sijui jina lako, na hilo ni kosa letu, si lako. Nimekutazama wiki nyingi. Mkono wako ni mwepesi. Chupa zako safi. Mtoto alikuwa anakonda, akanenepa, na sehemu ya kazi hiyo ni yako. Nayasema haya mbele ya mama yake."

Kiti kitupu kikalia, kama kinavyolia mtu akikaa taratibu. Harufu ya sabuni ikajaa. Keeley akamkumbatia Rowan mpaka mtoto akaguna.

"Jana ulimfinya," Maureen aliendelea. "Nataka kujua kwa nini."

Chai ikatetemeka kikombeni. Kisha kiredio, ambacho kipande chake cha juu kilikuwa kimezimwa, kikakwaruza, na sauti ya binti mdogo ikatoka, karibu mno, kama mtu aliyeweka midomo kwenye chombo.

"Alimchekea yeye."

Bernie alisema neno ambalo siliandiki.

"Ndiyo," alisema Maureen, kwa sauti isiyoyumba. "Mtoto amemchekea mama yake, ukamtia kucha. Basi sikiliza, nakwambia usoni, sitakutuma kufua. Tumeamua. Huyu humchukui. Wako alichukuliwa, na hatarudi, na huyu si yeye. Tathmini yako imekwisha. Unaweza kwenda."

Ile sauti ikaanza chini kabisa, si kwenye kiredio tena bali kwenye mabomba, kwenye mbao, kwenye vioo, kilio cha mtu aliyeingoja habari mpaka akapoteza hesabu ya miaka na sasa amepewa, kikapanda mpaka Pearl naye akalia na Bernie akamziba masikio kwa kifua chake, na chai kikombeni ikaganda juu ikawa utando mweupe, na kiti kikarudi nyuma kikaanguka, na nyayo za maji zikajichora kwenye zulia moja baada ya nyingine, zikampita Bernie aliyejibana ukutani, zikashika ukumbi, na mlango mkubwa wa mbele, wenye kufuli mbili na funguo zake zote mfukoni mwa Maureen, ukafunguka wenyewe mvua ikaingia.

Na Rowan akanyoosha mikono. Alijipinda mikononi mwa mama yake, anautupa mwili wote kuelekea kule mlangoni, akalia kilio ambacho Keeley alikuwa hajawahi kukisikia. Hakikuwa cha njaa wala cha kuumia. Keeley alimshika. Alimshika mpaka kikaisha.

Tathmini ilianza upya, bila sifa za mtu mwingine. Bernie alipewa muda zaidi na Pearl wake, akaendelea kutukana. Keeley alisimama mbele ya hakimu na mikono yake miwili tu, na hakimu akampa mwanawe. Alipata chumba na jiko mjini, juu ya duka la samaki na chipsi. Harufu pekee humo ni ya mafuta.

Rowan alipokaribia kutimiza mwaka, adhuhuri moja, Keeley alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, anamlisha ndizi iliyopondwa. Mtoto akaacha kutafuna. Akatazama nyuma ya bega la mama yake, kwenye kona ya dirisha, uso ukamnawiri, akasema neno lake la kwanza.

"Mama."

Keeley hakugeuka. Aliweka kijiko chini, akainuka, akaenda kusimama kwenye ile kona, palepale, akaijaza kwa mwili wake wote ili macho ya mwanawe yasiwe na pengine pa kutua.

"Niko hapa," alimwambia. "Mama huyu hapa."

Rowan akamtazama kidogo. Kisha akainamisha kichwa upande, taratibu, ajaribu kuona nyuma yake.